Kuhama Chuo Bila Kupoteza Uniti: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Nilipohama chuo nilibeba transkripti yenye uniti 19 nilizopasi, yaani masomo ya muhula kwa muhula. Kule nilikokwenda zilikubaliwa 7. Zile 12 hazikukataliwa kwa sababu ya alama mbaya. Katika baadhi yake nilikuwa na A. Zilikataliwa kwa sababu transkripti hutaja jina la uniti na alama basi, haisemi ulifundishwa nini, nami sikuwa na karatasi nyingine ya kuonyesha. Nilirudia mwaka mzima. Mama aliuza mtamba aliyekuwa amemweka kwa ajili ya maziwa ya nyumbani ili karo ya mwaka huo ipatikane.

Siku hizi nafundisha katika chuo cha kiufundi huku magharibi, na kila Septemba faili za wanaohama hupitia mezani kwangu. Nawaona vijana wakifika na kosa lile lile: wamekwisha kuondoka walikokuwa, karo wamelipa huku, ndipo wanauliza uniti zao zitahesabiwaje. Ningependa uulize swali hilo ukiwa bado unakaa hosteli yako ya zamani. Uniti huokolewa kabla ya kuhama. Baada ya hapo unaomba huruma tu.

Watu huhama kwa sababu za kweli. Mzazi ameugua Vihiga na mtoto anasoma Njoro. Karo imeshinda. Binti amejifungua na mtu wa kumsaidia kulea yuko Bungoma. Sitakuuliza sababu yako. Nitakueleza njia.

Kwanza, jua unahama kwa mlango upi

Milango ni minne, na kila mmoja una mwenyewe. Ukibisha usio wako utazungushwa ofisi kwa ofisi hadi muhula uishe.

Mlango wa kwanza ni wa mwanafunzi aliyepangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, na bado yuko mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Huyu haombi kwa msajili wa chuo kipya moja kwa moja. Anaomba kupitia akaunti yake kwenye tovuti ya KUCCPS, ndani ya kipindi kinachotangazwa baada ya wanafunzi kuripoti. Kinachotazamwa ni pointi zake za klasta zikilinganishwa na kiwango cha mwisho cha kozi anayoitaka kwa mwaka wake, masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, na kama nafasi ipo. Chuo anachotoka lazima kimwachilie na kile anachokwenda kimkubali. Hapa hakuna uniti za kuhamisha, kwa hiyo ni mlango mwepesi, ila dirisha lake ni fupi. Ukijua mapema kwamba umepangiwa mahali usipopaweza, usisubiri mtihani wa kwanza.

Mlango wa pili ni wa aliyekwisha kusoma muhula mmoja au zaidi wa digrii na anataka kuendelea na digrii inayofanana nayo kwingine. Mathalani kutoka Egerton kwenda Maseno, au kutoka Kabarak kwenda Masinde Muliro. Huu ndio wa kuhamisha krediti hasa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yako.

Mlango wa tatu ni wa diploma kwenda digrii. Hapa chuo kikuu hukusamehe baadhi ya uniti, na mara nyingi mwenye diploma nzuri ya fani ile ile huanzia mwaka wa pili. Kila chuo kina sheria yake, na mara nyingi sheria hiyo hutazama daraja ulilopata. Jambo moja linalowachanganya wazazi: daraja la Krediti kwenye cheti cha KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya), yaani alama ya 3 na 4, si krediti tunazozizungumzia hapa. La kwanza ni jinsi ulivyofaulu. La pili ni uzito wa uniti.

Mlango wa nne ni wa chuo cha kiufundi kwenda kingine, kwa mfano kutoka Rift Valley National Polytechnic pale Nakuru kwenda Kisumu au Sigalagala. Wengi hudhani huu ndio mgumu. Nitaurudia baadaye, kwa maana una nafuu ambayo wa digrii hawana.

Hesabu inayoamua uhame lini

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliweka mpaka katika kanuni zake za mwaka 2014: unapohamia programu inayofanana ya ngazi ile ile, krediti zinazohamishwa hazizidi asilimia 49 ya uniti za msingi za programu hiyo. Maana yake ni kwamba chuo kitakachokupa digrii lazima kiwe kimekufundisha zaidi ya nusu.

Chukua kalamu. Tuseme digrii unayoiendea ina uniti za msingi 48 kwa miaka minne. Asilimia 49 yake ni 23 na kitu, kwa hiyo uniti 23 ndizo nyingi kabisa zinazoweza kuvuka. Ukihama mwisho wa mwaka wa kwanza ukiwa na 12, zote zina nafasi ya kuvuka. Ukihama mwisho wa mwaka wa pili ukiwa na 24, moja umeipoteza hata kabla faili haijafunguliwa. Ukihama mwisho wa mwaka wa tatu ukiwa na 36, umeacha 13 nyuma. Hizo ni zaidi ya mwaka mmoja wa masomo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu akija kwangu, kwanza namuuliza kama hakuna njia ya kumalizia pale pale alipo. Ikiwa shida ni karo au ugonjwa nyumbani, kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja kunaweza kumgharimu kidogo kuliko kuhama. Barua ya kuahirisha huandikwa kwa mkuu wa kitivo kupitia idara, mapema, si wiki ya mitihani. Aliyeahirisha kwa barua nafasi yake inamngoja. Aliyenyamaza na kwenda nyumbani huhesabiwa kuwa ametoroka, na mtoro akitaka kuhama baadaye chuo chake cha zamani hakina jema la kumwandikia.

Karatasi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Karatasi inayoshinda zote ni maelezo ya uniti: ile kozi autilaini ambayo mhadhiri huigawa wiki ya kwanza, na ambayo wengi wetu huifungia andazi. Inaonyesha msimbo wa uniti, saa, mada za kila wiki, vitabu, na jinsi alama zilivyogawanywa kati ya majaribio ya muhula (CAT) na mtihani wa mwisho. Anayepima faili yako haangalii jina. Uniti mbili zinaweza kuitwa Takwimu ya Kwanza katika vyuo viwili, moja ikafundisha uwezekano na nyingine ikaishia kwenye wastani na grafu. Bila karatasi ile, mpimaji mwangalifu atakataa, wala hatakuwa amekuonea.

Kwa hiyo anza leo, hata kama huna mpango wa kuhama. Kila muhula ukianza, piga picha kila kozi autilaini, itume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na nakala uiweke ndani ya faili ya shilingi chache. Ambazo huna, ziombe kwa karani wa idara. Omba zigongwe muhuri wa idara na zitiwe sahihi, ukurasa kwa ukurasa. Ukiwa bado mwanafunzi, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Ukishaondoka ni nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, na mhadhiri mwenyewe huenda amehamia chuo kingine.

Ya pili ni transkripti rasmi. Ile uliyoichapisha saiba kutoka kwenye akaunti yako ya mwanafunzi ni ya kujisomea tu. Inayotakiwa ina muhuri na sahihi ya msajili wa taaluma, na vyuo vingi hutaka itoke ofisi hadi ofisi ndani ya bahasha iliyofungwa. Iombe mapema. Ofisi hizo hulemewa wakati wa mahafali, na Desemba unaweza kungoja wiki nyingi.

Kabla ya kuiomba, hakikisha haina pengo. Nazungumzia maksi zilizopotea, ugonjwa wa vyuo vyetu. Umefanya mtihani, umeweka sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, na nafasi ya alama ni kistari. Kwa chuo unachokwenda, kistari ni sawa na hukufanya. Nenda kwa mhadhiri ukiwa na kadi yako ya mtihani, kisha kwa mratibu wa mitihani wa idara, na kila ombi liandike ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona kijana wa Kakamega akipata alama zake za uniti nne ndani ya siku tisa kwa sababu alikuwa na nakala hizo, huku mwenzake wa darasa lile lile akingoja mwaka mzima kwa sababu alikuwa akiomba kwa mdomo.

Nyingine ni za kawaida: barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi na huna kesi ya nidhamu, barua yako ya kujiunga, cheti cha KCSE, kitambulisho. Kwa KCSE kumbuka mlango wa kuingilia haubadiliki kwa kuwa umehama. Digrii kwa anayetoka sekondari moja kwa moja hutaka C+ na diploma C-, na kozi nyingi huongeza masomo maalumu. Usidhani kwamba kwa kuwa umepasi mwaka wa kwanza hakuna atakayeiangalia.

Linganisha mwenyewe kabla ya kulinganishiwa

Tafuta orodha ya uniti za kozi unayoiendea, kutoka kwenye tovuti ya chuo au kwa mwanafunzi anayesoma huko. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika uniti zako, kulia andika zao, kila moja ikitazamana na mwenzake. Tazama vitu vitatu.

Mada. Je, sehemu kubwa ya wanayofundisha wao wewe umeisoma?

Saa. Uniti ya kawaida ya chuo kikuu hapa Kenya ni saa 45 za mihadhara kwa muhula. Saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa mbili za mijadala ya vikundi au saa tatu za maabara, kwa hiyo uniti ya maabara ikionekana kuwa na saa nyingi usifurahi kabla ya kuigeuza. Uniti ya saa 30 haiwezi kuziba pengo la uniti ya saa 45. Wakati mwingine, hata hivyo, uniti zako mbili ndogo zinaweza kuombewa zihesabiwe kama moja yao, na wachache sana hufikiria kuomba hivyo.

Alama. Katika vyuo vyetu vingi kupasi ni 40, lakini kwa uniti inayohamishwa vyuo hupendelea C, yaani 50 kwenda juu. Uniti yenye D ihesabu kama iliyo hatarini. Zile za marudio pia zina mashaka, kwa hiyo ziulizie moja moja.

Ukimaliza, utajua kwa ukaribu utavuka na ngapi. Ukurasa huo uchape na uambatanishe na ombi lako. Nakwambia kama mtu anayeketi upande wa pili wa meza: faili iliyokuja na ukurasa wa kulinganisha hupimwa kwanza, kwa sababu nusu ya kazi yetu imekwisha kufanywa.

Barua, na maswali yake matatu

Mwandikie msajili wa taaluma wa chuo unachokwenda, kupitia kwa mkuu wa idara. Andika kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya ofisi hizo, lakini yaliyomo yawe haya:

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya Biashara. Nimepasi uniti 18 na naambatanisha transkripti, maelezo ya kila uniti, na ukurasa wa kulinganisha. Naomba kujulishwa kwa maandishi, kabla sijalipa karo, ni uniti zipi zitakubaliwa, nitaingia mwaka na muhula upi, na nitabakiwa na uniti ngapi hadi kumaliza.*

Maneno "kwa maandishi" na "kabla sijalipa karo" usiyaondoe. Afisa mkarimu wa dawati la wageni atakwambia, "Njoo tu, tutakupanga." Anakutakia mema, lakini si yeye anayepima. Wanaoamua ni idara, kitivo, na mwisho seneti. Ahadi ya dawatini nimeiona ikiyeyuka wiki ya sita ya muhula, karo ikiwa imeshaingia benki.

Kabla ya kutuma hata barua hiyo, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa. Orodha ya programu zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya CUE kwa vyuo vikuu, na ya vyuo vya kiufundi iko kwa TVETA, mamlaka inayovisimamia. Angalia pande zote mbili, unakotoka na unakokwenda. Uniti kutoka chuo kisichotambuliwa hazivuki popote, hata uwe na A tupu.

Kozi zenye bodi ya taaluma zina mlango mwingine juu ya mlango. Mwanafunzi wa uuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na kupewa nambari, kwa hiyo kuhama kwake bila baraza kujua kunaweza kumzuia kwenye mtihani wa leseni. Anayesomea ualimu wa sekondari aangalie kwamba masomo yake mawili ya kufundishia yanabaki yale yale anakokwenda, maana TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, itayatazama.

Wa vyuo vya kiufundi

Ukiwa unasoma kozi ya KNEC, mtahini wako si chuo, ni KNEC. Moduli uliyoipasi ukiwa Nakuru ni moduli uliyoipasi, hata ukiandikishwa kituo cha Kisumu. Unachohitaji ni hati zako za matokeo, nambari zako za mtihani, na kuhakikisha kituo kipya kimekuandikisha kabla usajili haujafungwa. Ukiwa na mitihani ya kurudia, mwambie mratibu wa mitihani wa chuo kipya siku ya kwanza kabisa. Akikuandikisha kama mwanafunzi mpya utajikuta unarudia hata ulizopasi.

Ukiwa katika mtaala wa umahiri wa CDACC, baraza linalotathmini mafunzo ya ufundi, kila uniti hutathminiwa peke yake na unaonekana umehitimu au bado. Hapa mali yako ni faili ya ushahidi wa kazi zako: picha za kazi ulizofanya, fomu za watathmini, ripoti za karakana na za mafunzo kazini. Usiondoke ukaiacha yote kabatini mwa idara. Omba nakala, na omba orodha ya uniti ulizohitimu ikiwa na sahihi.

Mfumo wa Taifa wa Sifa za Elimu, unaosimamiwa na mamlaka ya KNQA chini ya sheria ya mwaka 2014, umeweka astashahada ya ufundi ngazi ya 5, diploma ngazi ya 6 na digrii ngazi ya 7. Nambari hizo zitumie katika barua zako. Ukisema "ninatoka ngazi ya 6 kwenda ngazi ya 7 katika fani ile ile," unazungumza lugha ambayo msajili yeyote nchini anaielewa.

Pesa zisibaki nyuma

Sehemu ya karo ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na ufadhili wa serikali hulipwa chuoni, hazifuati miguu yako zenyewe. Ukishapata barua ya kukubaliwa, wajulishe HELB kwamba umebadilisha chuo na uweke nambari mpya ya usajili, la sivyo pesa za karo zitaingia akaunti ya chuo ulichokiacha. Waliopata ufadhili kwa sababu walipangiwa nafasi na KUCCPS waulize kabla ya kuhama kama ufadhili utaendelea. Usibahatishe hapo. Kwa baadhi ya familia jibu la swali hilo pekee ndilo litakaloamua.

Basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti vile vile huandikwa kwa jina la chuo. Ikiwa hundi yako imekwisha kuandikwa kwa chuo cha zamani, rudi ofisi ya eneo bunge au kwa msimamizi wa wadi na barua mpya kabla haijapelekwa benki.

Kisha maliza kliarensi, yaani kuthibitishiwa na kila ofisi kwamba hudaiwi: maktaba, hosteli, michezo, maabara, fedha. Deni la kitabu kimoja linaweza kuzuia transkripti. Lakini usitie sahihi ya kuacha chuo mpaka jibu la maandishi kutoka kule uwe nalo mkononi.

Wakikataa

Omba sababu kwa kila uniti iliyokataliwa. Kama ni mada zilizopungua, uliza kama unaweza kufanya mtihani wa uniti hiyo bila kuhudhuria muhula mzima, au kusoma nyongeza tu. Kama ni alama, pengine huna la kufanya. Kama ni karatasi, zifuate. Rufaa huenda kwa mkuu wa kitivo, kwa maandishi, na iende na ushahidi mpya. Rufaa yenye machozi peke yake hurudi ilivyokwenda.

Kwa wenzangu walimu na wasajili nina ombi. Vyuo vyetu havikuachana mbali: Sigalagala na Masinde Muliro viko kaunti moja, na vya Kisumu viko safari fupi ya matatu kutoka Maseno. Idara mbili zinaweza kuketi siku moja, zikakubaliana uniti ipi ya diploma inalingana na ipi ya digrii, zikabandika orodha ukutani. Mtoto wa mkulima wa miwa asome orodha hiyo kabla ya kuuza chochote. Na kozi autilaini zitolewe bure kwa anayeziomba. Ni haki ya aliyeketi darasani.

Ukishafika

Wiki ya kwanza ingia kwenye akaunti yako mpya uone kama uniti zilizokubaliwa zimeingizwa, si kwenye barua tu bali kwenye rekodi yenyewe. Zisipoonekana kufikia katikati ya muhula, rudi kwa msajili. Wanafunzi wengi hugundua pengo hilo mwaka wa nne, orodha ya mahafali inapotoka bila majina yao, wakati karani aliyepokea faili ameshastaafu.

Barua ya kukubaliwa uniti itengenezee nakala tatu. Moja kaa nayo, moja mpe mzazi nyumbani, ya tatu mpelekee mshauri wako wa masomo na umwombe aiweke kwenye faili yako mbele ya macho yako.